Shanga Zilizotangulia Nyumbani

Lodwar
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Ejok, nakusalimu. Najua umekaa kwenye kiti chako mlangoni ukingojea basi, na najua Ekidor kondakta amekupungia bahasha hii kabla basi halijasimama. Ningepiga simu kama watu wengine wanavyowapigia baba zao, lakini tangu masikio yako yazibe umesema simu kwako ni nyuki ndani ya mkebe, na sitaki Pasta Reuben akupigie kelele habari za Mama mbele ya soko zima. Kwa hiyo soma polepole, na usisimame kabla hujamaliza.

Mama yuko hai, anaongea, na ameshagombana na wauguzi wawili. Hilo kwanza.

Kilichomshika Jumamosi hadi gari la wagonjwa likamleta hapa si malaria, wala si vumbi kama ulivyodhani. Ni damu. Tangu wamtie chuma kwenye ule mguu aliouvunja kwenye mawe ya laga, ule mto mkavu, amelala juu ya ngozi wiki tatu bila kuusogeza. Damu isiyotembea huganda. Iliganda mguuni, kisha donge likakatika, likapanda na mshipa, likapita kwenye moyo na kukwama ndani ya mapafu, pande zote mbili. Ndiyo maana alikuwa akihema kama mtu anayepanda mlima, huku amelala. Baba, mimi ni muuguzi na nimeona mengi, lakini nilipoiona picha ya kifua chake nilimwomba daktari aisome tena. Upande mmoja wa moyo umevimba kwa kusukuma damu isiyopita.

Tunamdunga dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Iko nyingine kali ya kuyeyusha donge, lakini madaktari wanaiogopa kwa sababu alipasuliwa mguu juzi tu. Inaweza kumtoa damu hata kichwani. Imebaki njia moja. Alhamisi asubuhi ndege ya wagonjwa itampeleka Eldoret, kwa daktari mmoja anayeitwa Wahu. Huyo hapasui kifua. Hutoboa tundu dogo kwenye mshipa wa paja, hupitisha mrija mwembamba hadi kwenye moyo, huingia mapafuni, kisha hulinyonya donge likatoka. Saa moja au mbili, kazi imekwisha.

Sasa ugomvi wenyewe. Mrija huo unaongozwa na picha za mashine, na mashine haioni kupitia shanga za Mama. Unazijua zilivyo, kuanzia mabegani hadi kidevuni, na waya ndani yake. Ile picha ya kwanza ilijaa mistari myeupe, ikabidi tumwinulie shanga hadi mdomoni tupate ya pili. Huko Eldoret wamesema lazima azivue zote. Mama amesema hapana. Amesema mwanamke huvua shanga siku anapomzika mumewe, na mume wake yuko Kakuma anakunywa chai. "Nikizivua nimemzika Lokaale akiwa hai," amesema. "Bora nife nazo." Nimemsihi, nimelia mbele yake. Amegeukia ukuta.

Daktari ameniambia waziwazi: bila mrija huo anaweza kupona polepole, na vilevile anaweza kukata roho akiinuka kwenda chooni. Hatasikia neno la mtu mwingine isipokuwa lako. Lakini usije, tafadhali. Mara ya mwisho ulipokuja Lodwar lori lilikupigia honi hadi dereva akashuka kukushika mkono. Niandikie. Ekidor anarudi kesho.

Binti yako,
Nasike


Kakuma
Jumanne, 5 Agosti 2025

Binti yangu Nasike,

Barua yako nimeisoma mara tatu: kama baba, kama mume, na kama mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu. Nimekupa alama nane kwa kumi. Mbili nimekunyima kwa sababu umemwambia "usisimame" mtu ambaye alikuwa ameshasimama tangu mstari wa kwanza.

Sasa fanya hivi.

Habari ya mrija ulimweleza kwa maneno ya hospitali, ndiyo maana ameogopa. Mweleze kwa maneno ya zizini. Mwambie: Atabo, unakumbuka baba yako alivyokuwa akimtoa ng'ombe damu? Mshale mdogo shingoni, damu ikakingwa kwenye kibuyu, na wewe ukapewa kijiti uikoroge. Ukakoroga weee, na ulipokichomoa kijiti donge lote lilikuwa limekishika, damu iliyobaki ikawa laini ya kunywewa na maziwa. Na ng'ombe je? Alizibwa kwa samadi akaenda malishoni siku ileile. Huyo Daktari Wahu ana kijiti, basi, ila chake ni kirefu. Mwambie hayo kwa Kiturkana. Kiswahili ni changu mimi, yeye hakioni kuwa lugha ya mambo ya maana.

Kuhusu shanga, usimwone mkaidi. Nilimvika mwenyewe mbele ya baba yake, miaka thelathini na tisa iliyopita, na hazivuliwi ovyo. Ila mila haikukataza mwanamke kuvua mbele ya mumewe. Mume akiwa hapo, mzima, anatazama, huko si kuomboleza, ni kuoga tu. Na kwa kuwa umenikataza kuja (lori lile halikuwa na sababu ya kupiga honi, barabara ilikuwa pana), naja kwa njia nyingine. Nampa Ekidor ekicholong changu. Hicho kiti nimekikalia na kukilalia kichwa tangu nilipooa. Hakijawahi kulala mahali nisipolala mimi. Kiweke mbele ya kitanda chake, umwambie: Lokaale amekaa hapa, yuko hai, anakuangalia, na anasema vua.

Mimi nimekaa juu ya debe la mafuta. Watu wa soko wananiuliza kiti kimekwenda wapi, nawajibu kimekwenda kumwona mgonjwa.

Sitaandika kwamba naogopa. Naandika tu kwamba tangu Jumamosi chai haina ladha, hata nikitia sukari ya watu wawili.

Baba yako,
Mwl. Lokaale


Lodwar
Jumatano, 6 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Karibu utuue sote wawili! Jana Ekidor aliingia wodini na kiti chako kwapani, na Mama alipokiona, kabla sijafungua barua, alipiga yowe wodi nzima ikaketi. "Lokaale amekufa! Kiti cha mwanamume hakitembei bila mwenyewe!" Akaanza kilio cha msiba, kile chenyewe, na mashine ya kupima pumzi nayo ikaanza kulia. Nilimsomea barua yako. Akasema nisome tena. Nilipomaliza mara ya pili akaninyang'anya karatasi, akainusa. "Ndiyo," akasema. "Tumbaku yake. Ameishika leo." Akatulia.

Kisha nikamweleza habari ya kijiti. Baba, alicheka! Hajacheka tangu avunjike mguu. Akaniuliza kwa nini sikusema hivyo tangu mwanzo, na huko chuoni nilisomea nini.

Leo asubuhi tumezivua. Tuliweka kiti chako mbele yake, akakigeuza kidogo, akasema wewe hukai ukitazama dirisha. Sally alishika beseni. Umesikia habari zake, ni jirani yangu wa chumba cha pili, mtu wa Kericho, anafanya kazi ofisi ya maji. Ilituchukua saa nzima na mafuta nusu chupa. Chini ya shanga shingo ya Mama ni nyembamba na laini kama ya msichana. Aliigusa kwa vidole, akasema, "Kumbe kuna upepo." Nililia kidogo, na Sally akalia zaidi yangu, naye hata hajui tulikuwa tunalilia nini.

Usiwe na wasiwasi. Shanga nazitunza mimi mwenyewe. Hazitatoka mikononi mwangu hadi siku Mama atakapozivaa tena.

Anakuambia hivi, naandika neno kwa neno: "Lokaale, nimevua ukiniangalia, kwa hiyo endelea kuniangalia. Na yule mbuzi mweusi wa sikio jeupe anakamuliwa asubuhi, si mchana. Usimsahau kama ulivyomsahau mwaka jana."

Ndege ni kesho saa mbili. Amekataa kupanda bila kiti. Rubani amekipima, amekubali.

Nasike


Kakuma
Alhamisi, 7 Agosti 2025

Binti yangu,

Alama tisa. Natuma barua hii kwa Sally akuwekee mpaka mrudi.

Nimecheka hadi Pasta Reuben akaja kuona kuna nini. Mwanamke mzima kulilia kiti! Mwambie kiti ni mti, umechongwa, una miguu miwili, hauna habari ya nani amekufa. Nitamtania kwa jambo hili mpaka tuzeeke, na tumeshazeeka. Nilimsimulia Namuar jirani, naye kasimulia kisima kizima, sasa kila mwanamke akipita na mtungi ananiuliza kama debe langu nalo li hai.

Nina siri, usimwambie. Majak, yule seremala wa kambi ya wakimbizi, ananitengenezea kitanda. Mama yako hatalala chini tena na mguu ule, apende asipende. Najua atasema kitanda ni cha wagonjwa na wageni. Nimeshatayarisha majibu.

Leo ndiyo siku. Nimekaa juu ya debe tangu saa mbili nikitazama upande wa Lodwar kana kwamba nitaiona ndege yenu. Mbuzi nimemkamua asubuhi.

Baba


Eldoret
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Baba! Baba!

Limetoka! Naanza na hilo, salamu baadaye.

Walimwingiza jana saa nane mchana. Hawakumlaza usingizi, walimtia ganzi pajani tu, kwa hiyo alikuwa macho muda wote na mimi nilisimama kichwani pake kutafsiri. Kiti chako walikikataa mle ndani, lakini Daktari Wahu ni mtu wa utu. Alikiweka upande wa pili wa kioo, juu ya meza, mahali Mama angeweza kukiona akigeuza macho. Kwenye kioo cha mashine tuliuona mrija unapanda kama uzi, ukapinda ndani ya moyo, ukaingia pafu la kulia. Mama akauliza, "Ndicho kijiti?" Nikamwambia ndicho. "Mwambie akoroge polepole. Ukiharakisha linakatika." Nilitafsiri hivyohivyo, na Daktari Wahu akajibu bila kuinua macho, "Mwambie Mama nimemsikia."

Wakavuta mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna. Hapo nilisahau kutafsiri, nikawa naomba tu. Mara ya tatu mrija ukajaa weusi. Na Baba, sikudanganyi, kabla hata hawajamaliza pafu la pili nilimwona Mama akivuta pumzi ndefu, ya chini kabisa, ile ya mtu aliyetua kuni. Hewa kwenye damu yake ilikuwa asilimia themanini na nne, ikapanda hadi tisini na tano. Uso wake ulirudi rangi yake. Akasema, "Nimeshuka mlima."

Baadaye walimwonyesha vipande juu ya kitambaa cheupe. Kimoja ni kirefu kuliko kidole changu, kina matawi kama mzizi. Aliviangalia sana, kisha akasema kwetu vingekaangwa. Daktari Wahu aliniuliza amesema nini, nikamwambia anashukuru.

Leo amekula uji na amemkosoa mpishi. Atakunywa vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, na ni lazima atembee kila siku.

Simu yangu ilianguka pale uwanja wa ndege, kioo kikavunjika, haiwaki, kwa hiyo sijampata hata Sally. Jambo lingine: mtu wa ndege aliruhusu mzigo mmoja tu, na Mama akasema kiti. Shanga na nguo zake niliziacha kwa Sally. Ziko salama kabisa. Barua hii nampa dereva wa Kitale, ataunganisha na basi la Ekidor. Utaipata labda Jumatatu.

Mwenye furaha,
Nasike


Kakuma
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Nasike,

Shanga zimefika.

Ekidor alinipa mzigo jana mchana. Ulikuwa umefungwa kwa leso, na jina langu juu yake kwa mwandiko nisioujua. Ndani mlikuwa na nguo za mama yako, zimefuliwa, zimekunjwa, na shanga juu yake. Hamkuwa na barua. Sikulaumu, nani angeandika barua ya namna hiyo. Uliniahidi hazitatoka mikononi mwako mpaka azivae tena, na wewe hukuzaliwa na uongo. Kwa hiyo nimeelewa.

Pasta Reuben amejaribu simu yako tangu jana. Ameniandikia mchangani kwa kidole: imezimwa.

Watu wamekuja. Nimenyolewa. Wamechinja mbuzi. Majak alifika na kitanda begani, akawaona watu, akakiweka nyuma ya nyumba. Wanaongea nami wote, mimi naona midomo tu.

Nilipozishika shanga nyuzi tatu zilikatika. Uzi umeoza kwa jasho. Zikamwagika mchangani, nikapiga magoti nikaziokota moja moja mchana kutwa. Watu walidhani nimerukwa na akili wakanionea huruma. Sasa nazitunga. Tundu la shanga silioni vizuri, lakini sitaki mtu anisaidie. Tena sijui mpangilio wake. Miaka thelathini na tisa nimeziona kila asubuhi, na sijui baada ya nyekundu inafuata ipi. Hilo linaniuma kuliko yote. Nilijua makosa ya insha za watoto wa Kakuma yote, na shingo ya mke wangu sikuisoma.

Nilimcheka kwa sababu ya kile kiti. Laiti nisingemcheka.

Mlete nyumbani. Usimwache huko Eldoret, hapendi baridi. Kiti changu kiwe naye.

Baba yako


Eldoret
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Baba yangu,

Kufikia sasa unajua, lakini nataka uione kwa mwandiko wangu: Mama yuko hai. Mama yuko hai. Anakaa kitandani mbele yangu anakula ndizi.

Fundi aliirudisha simu jana saa nne. Nilipoiwasha nikaona Pasta Reuben amenitafuta mara arobaini na moja. Nikampigia, akapokea katikati ya ibada. Nilimwambia Mama amepona anasalimu, na nikasikia kanisa zima likipiga kelele. Baadaye alinieleza kwamba alikimbia hadi nyumbani na kanzu yake, akakuandikia mchangani, ukayasoma maneno, ukayafuta kwa mguu, ukamwambia aandike tena. Na alipoandika tena ukaketi hapohapo chini.

Baba, kosa ni langu. Niliahidi kisha nikaziacha. Sally alizituma kwa wema wake, hakujua kwetu nguo zilizofuliwa na shanga bila mwenyewe zinasema nini. Ningekuwa mimi, ningelia vilevile. Nisamehe.

Mama nilimwambia polepole nikiogopa moyo wake, hata ulivyomcheka kwa kulilia kiti, maana Pasta alinieleza yote. Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Alipomaliza akauliza, "Na nyuzi zilizokatika? Ni kweli amezitunga mwenyewe?" Nikamwambia Pasta amesema hivyo. Hakucheka tena. Alikivuta kiti chako karibu na kitanda, akaweka mkono juu yake.

Haya ni maneno yake: "Lokaale, nyani haoni kundule. Kiti kwangu ni mti tu, na shanga kwako ni nini? Sasa sikiliza. Asizishike mtu mwingine. Nitakuja shingo tupu, nimejifunga leso nisionekane mjane, na wewe utanivika palepale stendi, watu wote waliokula msiba wangu waone. Na uniambie ni mbuzi gani mliyemchinja."

Hilo la mbuzi ameliuliza mara nne.

Nasike


Lodwar
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mzee Lokaale,

Ejok. Mimi ni Sally, jirani ya Nasike. Ile mzigo ni mimi nilituma.

Alhamisi wezi waliruka ukuta ya ploti yetu wakaiba nguo kwa kamba. Nikaona hizi shanga ni kitu ya maana sana, zikipotea kwa nyumba yangu nitasema nini? Nikaosha nguo za mama, nikafunga vizuri na leso yangu mpya, nikapatia Ekidor. Sikuandika barua sababu nilijua Nasike ameshaandika. Kwetu ukirudishia mtu vitu vyake visafi ni heshima.

Jumapili Ekidor akaleta barua yako ya Nasike, akaniambia pole na msiba. Mzee, na mimi nikalia! Nikadhani ni kweli mama ameenda. Nikalia mpaka jioni Nasike akanipigia, ndio nikajua hiyo msiba ni mimi nilianzisha.

Nisamehe sana. Kama kwa mila yenu kuna faini, niambie nitalipa. Nimetuma majani chai ya kwetu Kericho, ile nzuri. Leso wapatie mama, ni yake.

Sally


Kakuma
Jumapili, 24 Agosti 2025

Binti yetu Nasike,

Mkono ni wangu, maneno ni ya mama yako. Amesema leo anaandika yeye, mimi ni kalamu tu, na kalamu haiongezi neno. Anapaza sauti ili nimsikie, kwa hiyo Kakuma nzima inaijua barua hii kabla yako.

Anasema: nilifika salama Alhamisi. Nashukuru ulinipakia kiti cha mbele kabla hujarudi zamu. Basi liliposimama nilimwona baba yako amevaa koti la Jumapili kwenye jua la saa saba, kichwa kinang'aa kama kibuyu. Alikuwa ameshika shanga mikononi, hakuzitia mfukoni wala kwenye mfuko. Ekidor alizima injini. Nikafungua leso ya Sally. Baba yako akanivika huku shanga zinanasa kwenye sikio langu, na alipomaliza akasema kwa sauti kubwa, maana hajui anavyopaza, "Atabo, ejok." Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamrudishia kiti chake, akakikalia palepale, katikati ya stendi, watu wanampita.

Anasema: napumua. Jana nilitembea na fimbo hadi ukingo wa laga na kurudi, sikusimama mahali. Vidonge namezeshwa na baba yako asubuhi na jioni, anatia alama daftarini kana kwamba mimi ni darasa la tatu.

Anasema: kitanda cha Majak kiko juu kama ngamia. Nilikikataa siku moja. Siku ya pili nilijaribu ili tu baba yako anyamaze. Usimwambie mtu, lakini mguu umekipenda. (Kalamu ilikuwa na majibu kumi tayari, na halikuhitajika hata moja.)

Anasema: mbuzi waliyemchinja ni yule mweusi wa sikio jeupe. Mwandike hivyo, Lokaale, mwandike wazi. Nimekufa siku mbili tu na nimepoteza mbuzi wa maziwa. (Kalamu inakiri. Waombolezaji walimchagua wao, mimi sikuwa naangalia mbuzi.) Mwambie Sally hana faini. Faini anayo Namuar, aliyekula paja zima. Chai ya Sally ni nzuri, tunaitia sukari ya watu wawili, na tunaimaliza wawili.

Sasa jambo la mwisho, na anasema nisilipunguze. Juzi Namuar alikuja kunitazama. Akaziangalia shanga, akashika mdomo. Akasema zimekaa vibaya, nyeupe imekaa mahali pa buluu, nyekundu zimerundikana upande mmoja, na uzi wa chini una njano mbili tu, zimejitenga na nyingine. Alikuwa amebeba sindano na uzi, tayari kuzifumua azipange upya. Nimemwambia aende na sindano yake.

Mimi kalamu niliingilia hapa. Nikamwambia Namuar ana haki, mpangilio ule unastahili sifuri, nami mwenyewe ningejipa sifuri. Mama yako amesema sifuri ni sawa, niiandike. Kisha ameniambia niandike na haya: zile za kwanza nilizipanga mwenyewe nikiwa msichana, nikijua nitaonekana. Hizi zimepangwa na mtu aliyepiga magoti mchangani, akijua sitazivaa tena. Zitabaki hivyohivyo.

(Kalamu imesimama kidogo hapa. Imepigwa kofi la bega, inaendelea.)

Anasema: ukija mwisho wa mwezi lete chumvi na sabuni ya kipande. Mjulie hali Daktari Wahu ukimpigia, umwambie kijiti chake ni kizuri.

Mama yako, Atabo,
kwa mkono wa Lokaale